Mwaka Niliompulizia Papa Bonifasi Tarumbeta

Simu ilitoka Nyunzu siku ya Jumanne asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye baraza ya parokia nikingoja wanafunzi wangu wa fanfari, bendi yetu ya tarumbeta. Namba sikuijua, sauti ilikuwa ya mwanamke, akiuliza kama ndiye mimi. "Njo Papa Fidele? Mimi ni Solange, mutoto wa Papa Bonifasi. Papa ametuacha. Tumemuzika jana." Alisema walinitafuta tangu Jumamosi lakini mtandao ulikataa. Nikampa pole, nikamuuliza aliugua muda gani, nikasema yote ambayo mtu husema. Wanafunzi walipofika niliwafundisha saa mbili nzima, na nadhani niliwafundisha vizuri. Ni nyumbani, mbele ya sahani ya bugali, ndipo mkono ulipokataa kufika mdomoni. Mke wangu akauliza kuna nini. "Bonifasi amekufa," nikasema. Tumeishi pamoja miaka thelathini na minne, tumezaa watoto watano, hakuna kovu mwilini mwangu asilolijua. Akanitazama, akauliza: "Bonifasi gani?"

Swali hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Hapa Kalemie watu wananiheshimu kupita kiasi. Wamenisikia redioni tangu wakiwa wadogo, na wengine husema nilizaliwa nikiwa na tarumbeta mdomoni. Sijawahi kuwakatalia. Waandishi wa magazeti wa Lubumbashi waliponiuliza nani alinifundisha, nilitaja mapadri wa misheni ya Moba, na kwa kweli mapadri walinifundisha kusoma noti na kung'arisha shaba. Aliyenifundisha kupiga sikumtaja hata mara moja. Sababu ya kumficha ni ya mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka ishirini.

Nilikuja kwa boti kutoka Moba na sanduku la mbao, barua ya padri, na tarumbeta ya misheni niliyoruhusiwa kuchukua kwa sababu ilikuwa imebonyea na hakuna mwingine aliyeitaka. Barua ilinipatia kazi ya kubeba makaratasi katika biro moja, ofisi ya stesheni ya treni. Tarumbeta ilinipatia nafasi katika Mawimbi Jazz. Wakati ule kila orkesta ilijiita jazz, hata kama ilipiga rumba tupu, na watu walicheza bila kuuliza maana ya jina. Mkubwa wetu alikuwa Raymond, mwalimu wa shule aliyepiga gitaa na kutusahihisha kama watoto wa darasa la tatu. Tulifanyia mazoezi nyuma ya bar moja karibu na bandari, katika chumba ambamo mwenye bar aliweka unga wa muhogo. Magunia yalijaa mpaka darini. Kila mpiga ngoma alipogonga ngoma kubwa, unga ulitushukia mabegani, na tulipotoka nje tulikuwa weupe kama mafundi wanaopaka nyumba chokaa.

Siku ya kwanza, Raymond aliniambia nipige chochote. Nikapiga wimbo wa maandamano ya Ekaristi, noti kwa noti, mgongo umenyooka. Walinisikiliza kwa adabu. Aliyesema neno alikuwa mtu mrefu, mwembamba, aliyekaa juu ya gunia akiwa na tarumbeta mapajani: Papa Bonifasi, tarumbeta ya kwanza, fundi wa kushona nguo. "Unapiga kama muntu anasoma barua ya muntu mwingine," akasema. "Noti yote iko, lakini haikuandikiwa weye." Kisha akainua tarumbeta yake na kupiga wimbo uleule wa kanisa. Sijui nieleze vipi. Aliuchelewesha kidogo, akauacha ukae, na mahali ambapo mimi nilikuwa nimejaza noti nane yeye aliweka tatu. Nilitaka kulia na nilitaka kurudi Moba. Jioni hiyo aliniuliza ninalala wapi, na nilipojibu kwamba sijui bado, akasema nyuma ya duka lake la kushonea kuna kitanda.

Chumba changu kilitenganishwa na chumba chao kwa ubao mwembamba tu. Nilijua saa ya kuamka kwa sauti ya Mama Adela, mke wake, akivunja vijiti vya moto uani, na saa ya kwenda kazini kwa sauti ya mashini ya kushona. Solange alikuwa bado anatambaa. Tulikula pamoja mkekani: bugali, sombe ya majani ya muhogo, ndagala za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, na siku za furaha samaki wa kuhe mzima ambaye Mama Adela alimpika kwa nyanya na pilipili mpaka tukatokwa na machozi. Ni mezani hapo, kama naweza kuuita mkeka meza, nilipoanza kuona kitu. Mama Adela alimtolea mumewe mifupa ya samaki kama anavyomtolea mtoto. Bugali yake aliipika laini, katika sufuria ndogo ya peke yake. Papa Bonifasi alitafuna upande mmoja, polepole. Na dukani, wakati mafundi wengine wote hushika pini kwa meno, yeye alizichomeka kwenye mkono wa shati.

Alfajiri moja, kabla ya kengele ya misa, niliwasikia kupitia ubao. "Onyesha," alisema Mama Adela. "Hii pia inatikisika. Ya mbele yote mbili." Papa Bonifasi akajibu kitu ambacho sikukisikia, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia mvua: "Ikitoka ya mbele, njo mwisho. Tarumbeta inasimamia meno. Bila meno mudomo hauna ukuta." Mama Adela akasema, "Mwambie Raymond." "Nimwambie nini? Kwamba nimebaki fundi wa kushona?" Niliendelea kulala nimefumba macho, ingawa hakuna aliyekuwa akiniona.

Tulikuwa tunapiga Jumapili mchana, kuanzia saa tisa, katika ukumbi wa zamani wenye paa la mabati, na siku nyingine kwenye harusi. Siku yenyewe ilikuwa ya harusi, ya binti wa mwalimu rafiki wa Raymond. Papa Bonifasi alikuwa anapanda kuelekea noti ya juu, ile ambayo watu waliingojea na kuinua mikono, na mimi niliyesimama bega kwa bega naye mbele ya mikro moja, kipaza sauti chetu cha pekee, nilisikia hewa ikivuja. Noti ilikuwa inakufa. Sikufikiri. Nikaichukua. Niliipiga kama ambavyo yeye angeipiga, nikaishikilia, nikashuka nayo mpaka chini, na yeye aliacha tarumbeta mdomoni, vidole vikiendelea kubonyeza. Mikono ya watu ilikwenda juu. "Bonifasi!" wakapiga kelele. "Bonifasi!" Tulipokuwa tunafunga vyombo hakunitazama. Alisema tu, "Adela atapika kuhe leo."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na hatukuwahi kukubaliana kwa maneno. Baada ya kazi alinifundisha solo zake zote dukani, mlango umefungwa, kitambaa kimeingizwa ndani ya tarumbeta ili majirani wasisikie. Hakunifundisha noti. Alinifundisha pumzi. "Tazama tumbo yangu, usitazame vidole," alisema, na miezi ile nilijua tumbo la mtu yule kuliko langu. Nilijifunza kuvuta pumzi anapovuta, kunyamaza anaponyamaza. Jukwaani alipiga mwenyewe zile noti za chini ambazo meno yake yaliweza kuzivumilia. Zote za juu zilikuwa zangu. Wenzetu walijua. Raymond alijua mapema kuliko wote, nadhani, maana alianza kutupanga karibu zaidi, mkono wangu ukigusa wake. Hakuna aliyesema kitu. Walimpenda, na kukaa kimya ndiyo njia waliyoiona ya kumpenda.

Mwanzoni nilijivuna. Kijana wa misheni amekuwa sauti ya mtu mkubwa kama yule! Lakini Jumapili zilipozidi, kitu kingine kikaniingia. Wasichana walimletea yeye soda. Wanaume walimshika yeye bega. Siku moja sokoni nilisikia wanawake wawili wauza samaki wakizungumza. "Bonifasi amezeeka lakini tarumbeta yake inazidi kuwa kijana," akasema mmoja. Mwenzake akajibu, "Na yule mudogo mwenye kusimama naye, anafanya nini pale?" "Anamushikia nafasi," wakacheka. Nilirudi nyumbani na samaki wa mikeke niliotumwa kununua, nikamkabidhi Mama Adela bila kusalimu. Jioni ile Papa Bonifasi alinisahihisha mahali pamoja, na kwa mara ya kwanza nilimjibu, "Kama ni mbaya, piga mwenyewe." Hakukasirika. Aliinama, akatoa kile kitambaa ndani ya tarumbeta yangu, akakikunja vizuri. "Tutaendelea kesho," akasema.

Mwaka ulikuwa unaelekea mwisho tuliposikia kwamba Bwana Delphin anakuja kwa treni. Alikuwa na orkesta kubwa kule Lubumbashi, na alikuwa anatafuta tarumbeta. Mtu fulani alimwambia kuwa yuko mmoja Kalemie ambaye mfano wake haupo. Siku tatu mji mzima ulijua, na siku tatu duka la Papa Bonifasi lilijaa watu waliokuja kumwambia alichokijua. Jumamosi mchana, walipoondoka wote, aliniita. Alikuwa anapima suruali ya mtu.

"Fidele, kesho upige muzuri. Upige kama siku ile ya harusi."

"Na kama akikuchukua, Papa?"

Alicheka bila kufungua mdomo. "Anichukue aende na mimi wapi? Nifike Lubumbashi nipige na ufizi? Nitakataa. Lakini nataka aniombe kwanza. Miaka kumi na saba napiga katika muji huu, hakuna muntu ametoka mbali kuniomba kitu. Aniombe mbele ya watu, niseme hapana. Njo hivyo tu."

Nilisema ndiyo, Papa. Kisha nikatembea mpaka ufukweni, nikakaa kwenye mchanga nikitazama akina mama wakianika ndagala, na nikawaza kwamba mtu huyu anataka kuombwa kitu ambacho ni changu, ili akikatae, na mimi nibaki hapa nikimshikia nafasi mpaka mdomo wangu nao uishe. Miaka mingi nilijiambia kwamba nilichofanya kesho yake kilinijia ghafla. Sasa aliyeweza kunishtaki amezikwa, na naona aibu kujitetea mbele ya kaburi. Nilipanga. Nilipanga pale mchangani, jua likiwa bado juu.

Bwana Delphin alikaa mbele, kwenye kiti kilichowekewa kitambaa cheupe, mtu mfupi mwenye miwani. Wimbo wa kwanza nilipiga kama nilivyoahidi. Wa pili vilevile. Nilimwona mgeni akiegemea mbele, akamnong'oneza Raymond kitu, na Raymond akaonyesha kwa kidevu upande wetu. Wa tatu ulikuwa na solo ndefu, ile ambayo Papa Bonifasi aliitunga mwenyewe na kuiacha bila jina. Magitaa yalishuka, ngoma ikapungua, ikabaki nafasi yetu. Papa Bonifasi akainua tarumbeta, akaweka mdomoni, akajaza tumbo. Mimi niliishusha yangu.

Ngoma iliendelea. Magitaa yalizunguka palepale. Papa Bonifasi alisimama mbele ya watu mia mbili na tarumbeta mdomoni, na hakuna kilichotoka. Hakunigeukia. Nilitegemea atageuka, nilijitayarisha kwa macho yake. Badala yake alipuliza. Alipuliza kweli, kwa nguvu zote, kama mtu mwenye meno yake yote, na kilichotoka kilikuwa upepo, kisha mkwaruzo, kisha sauti moja iliyopasuka ambayo iliwafanya watoto waliokuwa mlangoni wacheke. Damu ikaonekana kwenye mdomo. Hapo ndipo nilipoinua tarumbeta yangu na kuipiga solo yake yote mpaka mwisho, bila kukosea mahali. Sijapiga vizuri vile tena maishani mwangu. Watu hawakuinua mikono. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama yeye. Aliifuta tarumbeta kwa leso, akaufuta mdomo, akarudi nyuma hatua moja. Hatua moja tu, mahali anaposimama tarumbeta ya pili. Na nyimbo zote zilizobaki alipiga noti za chini, zile za nafasi yangu, taratibu, bila kuacha hata moja.

Bwana Delphin hakumwomba yeye kitu. Aliniuliza mimi kama naweza kupanda treni ya kesho, nikasema naweza. Raymond alinipa mkono bila kuubana. Wengine walifunga vyombo.

Asubuhi Mama Adela alikuwa uani na ungo, anachambua ndagala. Uji wangu ulikuwa tayari, umefunikwa na sahani. Nilikula nikiwa nimesimama. Hakupandisha sauti, na mpaka leo ningependa angepandisha. "Fidele, kuna kitu hukukijua. Alikuwa amepanga. Yule muntu akimuomba, angesema hapana, halafu angekushika mukono na kusema: mimi nimezeeka, muchukue huyu, mimi njo nilimufundisha. Siku zote tatu alisema maneno hayo mbele yangu, akijaribu namna ya kusimama. Ungeenda vilevile." Akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa. "Sasa unaenda, lakini hakuna aliyekupa." Kisha akaniambia nimalize uji, treni haingoji muntu.

Mashini ya kushona ilikuwa inakwenda dukani. Nilisimama nje ya pazia na sanduku langu. "Papa, ninaenda," nikasema. Mashini ikasimama. Nilikuwa na maneno mengine. Yalikuwa mdomoni kabisa. "Enda muzuri," akasema. Nilingoja, naye akangoja, nadhani, kisha mashini ikaanza tena.

Yaliyofuata yanajulikana: Lubumbashi, sahani za muziki, safari, jina. Orkesta nyingi zilijaribu kuiga namna yangu ya kuvuta pumzi. Kila mara mtu aliponisifu kwa hiyo, nilitabasamu na kuinamisha kichwa, na watu wakasema nina unyenyekevu. Mawimbi Jazz ilivunjika mwaka uliofuata. Nilisikia kwamba Papa Bonifasi alihamia Nyunzu kushona sare za shule. Nyunzu iko kwenye reli ileile. Nilipita pale kwa treni mara sita au saba, na kila mara nilikuwa na sababu ya kutoshuka.

Nilimwona tena kwa siku mbili tu, hapa hapa Kalemie, kabla hajarudi Nyunzu. Nilikuwa nimeshastaafu na kurudi Kalemie wakati mapigano yalipowakimbiza watu wa Nyunzu. Wengi walifika hapa kwa miguu, wakalala katika viwanja vya shule. Parokia ilipeleka maharage na blanketi, nami nilikwenda na wengine. Papa Bonifasi alikuwa amekaa kwenye tofali, anashona kwa mkono kiraka cha turubai, mdomo umeingia ndani, kichwa cheupe. Mwanamke aliyekuwa akipika karibu naye alikuwa Solange. Mama Adela alikuwa amekufa zamani. Nilichuchumaa mbele ya mzee.

"Papa, mimi ni Fidele."

"Ninakujua. Kila siku redio inataja jina yako, ningekusahau namna gani?"

Nikasema niliyokuja nayo tangu ujana. Nilisema yote, hata mchanga wa ufukweni, hata akina mama na ndagala zao. Alinisikiliza huku anashona. "Nilikukasirikia," akasema. "Muda murefu, sitakudanganya. Halafu nyumba yangu imeungua, mashini yangu imeungua, nikaona hasira ile nayo imebaki kule ndani. Sasa unataka nini? Nikusamehe? Nimekusamehe. Tazama, haikunipatia meno." Alifungua mdomo kunionyesha, na Solange akageuka upande. Kisha akauliza tarumbeta yangu iko wapi.

Nilirudi nayo kesho yake, saa nne asubuhi. Hata hilo sikumwambia mke wangu. Nilisema narudisha sufuria za parokia. Uwanja ulikuwa umejaa moshi wa kupikia na nguo zilizoanikwa juu ya ukuta. Niliipiga ile solo isiyo na jina, niliyoipiga katika kumbi kubwa za nchi hii kama mali yangu. Wanawake waliacha kuni, watoto wakasogea. Papa Bonifasi alifumba macho, mkono wake mmoja juu ya tumbo. Nilipomaliza watu wakapiga makofi, naye akangoja wanyamaze.

"Pale kati unaharakisha," akasema. "Unaogopa kimya. Kiache kipite, hakitakuua. Rudia."

Nilikuwa na miaka zaidi ya sitini, na watoto walikuwa wanacheka. Nikarudia. Akatikisa kichwa: bado. Nikarudia tena.